Kota, Kilemba na Kiwanja

Nyumba iliyowapa hifadhi watu wengi zaidi Dar es Salaam katika karne ya 20 haikuchorwa na mhandisi wala kujengwa na serikali. Ni ile nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uani nyuma penye jiko, choo na bafu vya kushirikiana, na baraza mbele ya kukaa jioni. Kuta zilikuwa za fito na udongo. Paa lilianza kwa makuti, kisha madebe yaliyofumuliwa na kunyooshwa, na mambo yakikaa vizuri, bati. Mwenye nyumba, na wanawake walikuwamo wengi, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya wapangaji hao ndiyo iliyomtunza uzeeni na kumnunulia bati la chumba cha nyongeza. Mgeni kutoka Tabora au Rufiji alifikia hapo, akapata chumba bila dhamana yoyote zaidi ya kujulikana na mtu.

Serikali zilizofuatana, ya kikoloni na ya uhuru, ziliidharau nyumba hiyo, zikaibomoa, zikaiga ramani yake, na mwishowe zikaikubali. Kila zilipompa mjenzi wake kiwanja kilichopimwa, barabara na bomba la maji, mji ulisonga mbele. Kila zilipotaka kujenga zenyewe badala yake, fedha ziliisha huku watu wakizidi kuja.

Wajerumani ndio walioanza kuugawa mji kwa sheria za ujenzi, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo. Uzunguni kukawa na nyumba za bustani zilizopigwa upepo wa bahari. Uhindini kukawa na maduka na maghorofa ya katikati ya mji. Ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kuzitenga jamii hizo, ndiko kulikoanzia Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipangwa kwa mitaa iliyonyooka. Viwanja viligawiwa kwa kodi ya mwaka na watu wakaachwa wajijengee. Kwa mkoloni huyo huyo aliyewanyima watu mengi, kupima viwanja kabla ya watu kuhamia lilikuwa jambo la busara, na mitaa ya Kariakoo ingali inapitika hadi leo kwa sababu hiyo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bandari ilipanuka, wafanyakazi wakaongezeka, migomo ikatokea. Ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga kota. Ilala, Temeke na Magomeni zilipata safu za nyumba ndogo za saruji, zilizofanana kama mapacha, kwa ajili ya watumishi wa Kiafrika. Zilikuwa imara, lakini zilikuwa chache mno. Tena waliozipata, kwa kawaida, walikuwa makarani na watu wa mishahara ya uhakika, si wachukuzi wa bandarini ambao ndio waliotajwa kuwa sababu ya kuzijenga. Mtindo huo wa nyumba kujengwa kwa jina la maskini na funguo kukabidhiwa kwa mwenye nafuu haukuzikwa pamoja na ukoloni.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, serikali ya Tanganyika haikukawia. Sheria Namba 45 ya mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, likiwa miongoni mwa mashirika ya umma ya kwanza kabisa ya nchi. Ari ilikuwa kubwa na nia ilikuwa safi: Mwafrika aliyeambiwa miaka yote kwamba mji si wake, sasa akae katika nyumba ya matofali. Shirika liliingia Magomeni na mitaa mingine, likabomoa nyumba za udongo na kusimamisha za saruji mahali pale pale. Ramani yake ilifuata nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi na vyumba vya kupangisha, na mwenye nyumba ya zamani alipewa mpya na kuilipia kidogo kidogo. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo kilifunguliwa kaskazini mwa jiji, na ilionekana kwamba nchi imepata kila kitu cha kujengea.

Hesabu ndiyo iliyokataa. Kubomoa nyumba moja na kujenga moja hakuongezi hata chumba kimoja. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na wakazi wapatao 272,000. Ile ya 1978 ikawakuta zaidi ya 843,000. Katika miaka 11 mji ulikuwa umezidi mara tatu, na sehemu kubwa ya fedha za nyumba za miaka ya mwanzo ilikuwa imetumika kubadilisha kuta za wale waliokuwa tayari wana paa. Wageni walijijengea pembeni, Manzese, Buguruni na Keko, bila hati na bila mchoro. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, uliachana na bomoabomoa hiyo. Kwa serikali iliyokuwa na umri wa miaka minane tu, kukubali upesi hivyo kwamba njia haifai ulikuwa ujasiri wa kweli, na haustahili kusahauliwa.

Wakati huo huo siasa ya nchi ilikuwa imegeuka. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa imani kwamba kula kodi ya chumba ni kula jasho la mwingine. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majumba. Jengo lolote lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ambalo mwenyewe alilipangisha, liliweza kuchukuliwa. Kama lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 10, mwenyewe hakulipwa fidia. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa nchi nzima, mengi mno yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Kihindi. Katikati ya Dar es Salaam, Upanga, Arusha, Moshi, Tanga na Mwanza, familia zilizokuwa zimejenga ghorofa moja kwa akiba ya vizazi viwili ziliamka zikiwa wapangaji ndani ya nyumba zao. Wengi walifunga virago na kwenda Uingereza au Canada.

Lililofuata ndilo linaloumiza zaidi. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na nyumba ya Msajili ikawa neema ambayo kila mtu mjini aliitamani. Kodi ilipangwa chini, ikabaki chini hata shilingi ilipoporomoka katika miaka ya 1980. Kwa mpangaji hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Kwa jengo ilikuwa hukumu, maana kodi isiyotosha kununua rangi haitatosha kukarabati paa, seuze lifti na mabomba. Bafu za ghorofa ya tatu zilivuja hadi dukani chini. Na kwa kuwa chumba cha katikati ya mji kilikuwa na thamani kubwa kuliko kodi yake, thamani hiyo ikatafuta njia nyingine ya kulipwa. Njia hiyo ilikuwa kilemba. Mpangaji aliyehama alimwachia nyumba anayeingia kwa donge la fedha, nje ya daftari la Msajili, na mkataba ukaendelea kusomeka kwa jina lake. Umma ulimiliki jengo, faida ikaenda kwa mtu mmoja mmoja, na shirika likabaki na bili. Hakuna mfumo wa nyumba unaoweza kudumu kwa namna hiyo, hata ukianzishwa kwa nia njema kiasi gani.

Kisiwani Unguja njia ilikuwa nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Abeid Amani Karume iliahidi kuwatoa watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, katika nyumba za udongo na kuwapa makazi ya kisasa. Wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki walileta michoro, majengo ya kwanza yakasimama Kikwajuni na Kilimani, kisha yakaja yale marefu ya Michenzani, kumi kwa idadi, yakiwa yamenyooka pande zote za njia panda kubwa. Vijana walijitolea nguvu zao kuyajenga, na familia zikapewa nyumba bila kununua. Karume aliuawa Aprili 1972 na mpango wa kuibadilisha Ng'ambo nzima haukukamilika. Waliohamia Michenzani walipata umeme, maji na heshima. Walichopoteza ni uani na baraza, na ndiyo maana baada ya muda maisha ya baraza yalihamia chini ya majengo, pembeni mwa ngazi, ambako watu wanauza, wanacheza bao na kuongea hadi usiku.

Bara, miaka ile ile ya mwanzo wa 1970 ilizaa fikra bora kuliko zote ambazo Tanzania imewahi kuwa nazo juu ya nyumba. Ilikuwa na miguu miwili.

Mguu wa kwanza ulikuwa fedha. Mwaka 1972 iliundwa Benki ya Nyumba Tanzania, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Kando yake ukaanzishwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliochangiwa na waajiri kwa asilimia 2 ya jumla ya mishahara wanayolipa, ili mtu wa kipato cha chini naye akopeshwe bati, saruji na mbao kwa riba nafuu. Mguu wa pili ulikuwa ardhi. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianza mradi wa viwanja na huduma. Haikujenga nyumba. Ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikavuta maji, ikatenga maeneo ya shule, zahanati na soko, kisha ikamwachia mwananchi ajenge kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilizaliwa hivyo. Mwanza na Mbeya zilikuwamo katika awamu ya kwanza. Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa zikafuata katika ya pili.

Na Manzese haikubomolewa. Hilo linahitaji kusimuliwa taratibu, kwa sababu katika nchi nyingi miaka ile mitaa ya namna hiyo ilikuwa ikipitiwa na matingatinga. Manzese ilikuwa imejipanga yenyewe kando ya Barabara ya Morogoro, nyumba zikiwa zimebanana, zenye wapangaji kila chumba. Serikali ilipeleka barabara, magati ya maji, taa, shule na zahanati ndani ya mtaa uliokwisha kukaliwa, ikabomoa zile tu zilizozuia njia. Ilikuwa ni kukiri hadharani kwamba mtu aliyejenga bila kibali bado amejenga nyumba, na kwamba nyumba hiyo ni mali ya taifa kwa maana ya kweli: imeshalipiwa, na mtu hulala ndani yake.

Mbona basi miguu hiyo miwili haikufika mbali? Sababu kubwa haikuwa michoro. Mradi wa viwanja ulisimama juu ya ahadi kwamba aliyepewa kiwanja atalipa kodi ya ardhi na gharama za huduma, na malipo hayo yatapima viwanja vya mwingine. Lakini mfumo wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972 ulikuwa umezivunja halmashauri za miji, na hazikuanza kurudishwa hadi 1978. Katika miaka ambayo ilihitajika ofisi ya kugonga mlango na kudai ada, ofisi hiyo haikuwapo. Fedha hazikurudi. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama navyo vilianza kupanda hadhi: mwenye kipato cha chini aliyeshindwa kununua saruji katika nyakati za uhaba na vibali aliuza kwa mwenye nacho, akarudi kupanga au kwenda pembezoni zaidi. Mikopo ya nje ilipokwisha, hakukuwa na mfuko wa kuendeleza kazi.

Benki ya Nyumba ilikufa polepole kwa ugonjwa uleule. Ilikopesha kwa miaka mingi na kwa riba ndogo, wakati mfumuko wa bei ukila thamani ya kila rejesho. Wadaiwa wengi hawakulipa. Mwaka 1995 benki ilifungwa, na kwa zaidi ya muongo mmoja Mtanzania aliyetaka kujenga hakuwa na taasisi ya kumkopesha kwa kazi hiyo. Alijenga kama babu yake, msingi mwaka huu na ukuta mwaka ujao, matofali yakiota majani kiwanjani. Wakati huo Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limekwisha kuunganishwa na Msajili wa Majumba, kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1990, na kurithi majengo chakavu ya mjini pamoja na vilemba vyake.

Kilichofuata ni mji kujijenga peke yake. Dar es Salaam ilifikia watu milioni 1.36 mwaka 1988, karibu milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Kwa makadirio yanayotumiwa zaidi, kiasi cha asilimia 70 ya wakazi hao wanaishi katika makazi yasiyopimwa. Wengi hawakuvamia. Walinunua kwa mwenye shamba, mbele ya mashahidi na mjumbe, kwa karatasi yenye sahihi na dole gumba. Kilichokosekana ni mpimaji kufika kabla ya mnunuzi, na anayelipia kukosekana huko ni yule anayebeba mgonjwa mgongoni kwa sababu gari la wagonjwa haliwezi kupita uchochoroni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo mawili yanayopingana yalifanyika karibu kwa wakati mmoja. Kuanzia 2002 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi wa umma, zikiwamo za viwanja vikubwa katika maeneo ya thamani ya Dar es Salaam, na miaka michache baadaye ikawa inatafuta nyumba za kuwapa watumishi wapya. Ule ulikuwa uamuzi mbaya: mali iliyochukua vizazi kuijenga iliuzwa mara moja. Lakini mwaka huo huo wa 2002 Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, kwa mkopo wa Hazina uliorudishwa kutokana na mauzo ya viwanja vyenyewe. Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada, Gezaulole, Buyuni na Mwanagati zilipimwa, na idadi ikapita lengo. Wakulima waliohamishwa walilalamikia fidia ndogo, huduma zilichelewa, na viwanja vingi vilikaa vichaka kwa miaka kwa kuwa waliovinunua walikuwa wanangoja bei. Hata hivyo mradi ulithibitisha jambo ambalo Sinza ilishindwa kulithibitisha, kwamba upimaji unaweza kujilipia. Swali linalobaki ni kwa nini ulifanywa kama tukio la mara moja badala ya kuwa kazi ya kila mwaka.

Tangu hapo sheria zimeongezeka. Mwaka 2008 zilipitishwa mbili kwa pamoja, moja ya kuwezesha mtu kumiliki sehemu ya ghorofa kwa hati yake, nyingine ya mikopo ya nyumba. Kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu iliundwa 2010. Lakini riba, iliyokaa kati ya asilimia 15 na 19 kwa miaka mingi, pamoja na sharti la hati, vimeifanya mikopo hiyo ihesabike kwa maelfu machache katika nchi ya watu milioni 60. Shirika la Nyumba nalo lilitakiwa lijiendeshe kibiashara, likajenga maghorofa mazuri na nyumba za gharama nafuu ambazo bei yake humpita mbali mwalimu wa shule ya msingi. Mradi wa nyumba 5,000 uliopewa jina la Rais Samia, ulioanzia Kawe mwaka 2022, uko katika mkondo huo huo.

Mwaka huo, mwezi Machi, zilizinduliwa pia nyumba za Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika kota za kale ziliondolewa mwanzoni mwa muongo uliotangulia kwa ahadi ya kurudi. Ahadi ilichelewa kiasi cha watu kuikatia tamaa, hadi Wakala wa Majengo alipopewa kazi ya kujenga maghorofa mapya. Wakazi wameruhusiwa kuyanunua kwa malipo ya miaka 30. Ni haki iliyotendeka, ingawa kwa kuchelewa. Lakini Dar es Salaam iliongezeka watu milioni moja kati ya 2012 na 2022, na hakuna Hazina inayoweza kuwajengea wote namna hiyo.

Chamazi, pembezoni mwa Temeke, kuna mfano mdogo unaostahili kutazamwa zaidi kuliko maghorofa. Watu waliolazimika kuondoka Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliweka akiba katika vikundi, wakaunda ushirika, wakanunua ardhi pamoja, wakaipima, na kuanza kujenga nyumba zinazoweza kuongezwa chumba kwa chumba kwa mikopo midogo inayozunguka miongoni mwao. Hawakungoja serikali ijenge. Walihitaji kutoka kwake vitu vichache: kibali, mpimaji, barabara, maji.

Vitu hivyo vichache ndiyo kazi ambayo serikali peke yake inaweza kuifanya, na inapaswa kuifanya mfululizo. Dodoma inajaa sasa kama Dar es Salaam ilivyojaa miaka ya 1970. Mwanza, Arusha na Mbeya vilevile. Kila halmashauri ya mji ipime mwaka huu viwanja vya watu watakaofika mwaka ujao, viwemo vidogo vya bei ambayo muuza mboga anaimudu. Fedha za mauzo ziwekwe katika akaunti ya upimaji unaofuata na zisiguswe kwa posho. Na orodha ya waliogawiwa ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kata, ambako kila mwananchi anaweza kuisoma.